Dada yetu, hicho ulichopanda ni kaburi

Wadau, ile video mmeiona? Staa wetu mmoja wa kike, jina kapuni, yuko zake Wales anakula bata. Katupia video anakata mauno juu ya kilima cha majani, chini yake mlango wa mawe. Watu wakamvaa: "Nauli yote hiyo kwenda kuona kichuguu?" Nilicheka, nikaigongea laiki hiyo komenti. Halafu nikaanza kutafuta pale ni wapi, bando likaishia huko.

Jamani, si kichuguu. Panaitwa Bryn Celli Ddu, kisiwa cha Anglesey. Watu wa zama za mawe walipajenga kama miaka 5,000 iliyopita, hawana chuma wala winchi. Kwanza palikuwa na handaki la mviringo. Baadaye wakasimamisha chumba cha mawe chenye njia nyembamba ya kuingilia, wakafunika na udongo. Wachimbaji walikuta humo mifupa ya watu, mingine imechomwa, mingine haijachomwa. Na kila mwaka, kwenye Juni 21 hivi, jua likichomoza mwanga wake unapita kwenye ile njia mpaka ndani chumbani. Yaani walipima! Fundi aliyejenga hapa ninapopanga hata upepo unatokea wapi hakujua.

Kwa hiyo wanaosema kachoma hela, acheni. Kuingia pale ni bure, na mimi nimemkubali kwenda. Mastaa wetu wengi wakifika Ulaya ni maduka na hoteli tu, picha zilezile.

Ila mauno, dada? Juu ya kaburi? Makaburini kwa bibi yako ungeyakata? Najua kuna mjuaji atakuja kusema ule udongo wa juu ulirudishiwa baada ya uchimbaji wa 1928 na 1929, na kilima cha mwanzo kilikuwa kikubwa zaidi. Ni kweli. Lakini la bibi nalo likipigwa sementi upya linabaki kaburi, au nadanganya?

Angeinama tu akaingia ndani, akatuonyesha yale mawe na kile chumba. Hiyo video ningeitazama mara mbili. Hii aifute.

Mimi laiki yangu kwenye komenti ya kichuguu nimeshaitoa. Nyie je, mngepanda?