Stesheni Iko Mjini, Abiria Je?

Shirika la Reli Tanzania likitaja muda wa safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, hesabu yake huanza treni inapoondoka na kuishia inaposimama Mkonze, stesheni ya Dodoma. Kwa treni ya haraka ni saa tatu na ushei. Abiria naye ana hesabu yake. Yake huanza anapofunga mlango wa nyumba Mbagala, Tegeta au Kigamboni, na haijaisha mpaka atue mzigo Nkuhungu au Area C. Aliyepanda daladala mbili na bajaji ili aiwahi treni, kisha akafika mapema kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo na kitambulisho, anaweza kukuta saa alizotumia nje ya reli zinakaribiana na zile alizokaa ndani ya behewa.

Tangu treni za reli ya kisasa (SGR) zianze kubeba abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na hadi Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, tumejadili mengi: kasi ya kilomita 160 kwa saa, umeme kukatika, nauli, uzuri wa treni ya mchongoko. Mahali zilipojengwa stesheni hapajadiliwi sana, ilhali huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote kuurekebisha. Nauli hupangwa upya na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, ratiba hubadilishwa, behewa likichoka huletwa jingine. Stesheni ikishakaa imekaa. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 wakitokea bandarini Dar es Salaam, wakafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, dalili ya uamuzi wao bado imo katika kinywa cha kila konda anayeita abiria wa Stesheni.

Majirani zetu wa Kenya walianza mapema kuliko sisi, nao walichagua njia nyingine. Treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, upande wa Nairobi ilianzia Syokimau, kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na upande wa Mombasa ikaishia Miritini, bara, nje ya kisiwa. Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Ardhi ya katikati ya Nairobi ni ghali na ina kesi zisizokwisha. Kuingiza reli mpya kungetaka kubomoa na kulipa fidia. Reli ile, zaidi ya hayo, ilijengwa kwanza kwa ajili ya makontena ya bandari, na kontena halina haja ya kushukia Moi Avenue. Ilipoendelezwa hadi Naivasha mwaka 2019, ilikata Mbuga ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja refu, ikapita Ongata Rongai na Ngong, na jiji lenyewe ikaliacha pembeni.

Abiria ndiye aliyebaki na deni. Treni ya usiku huondoka saa nne usiku na kufika upande wa pili baada ya saa tisa na nusu alfajiri. Ukishuka Miritini wakati huo na nyumbani kwako ni Likoni au Ukunda, safari yako ya pili ndiyo kwanza inaanza: matatu ya kuvizia au teksi ya kupatana bei gizani, kisha feri, ama uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa, iliyopanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 za Kenya mwezi Januari 2024, bado ni nafuu kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 470. Ila mtu mwenye watoto wawili na masanduku, akilazimika kuchukua teksi huku na huku, huona unafuu ule ukimponyoka mkononi.

Nairobi ilijitahidi kuziba pengo. Treni ndogo ya reli ya zamani huunganisha Stesheni Kuu na kituo cha SGR, ikipitia Makadara na Syokimau. Ni huduma ya maana, na wanaoijua huitegemea, kwa kuwa haijui foleni ya Mombasa Road. Lakini itazame kwa makini, utaona kwamba kilichofanyika ni kuirudisha stesheni mjini kwa mlango wa nyuma: abiria hushuka treni moja, hubeba mizigo, hupanda nyingine, na ile ya kwanza ikichelewa ya pili huenda isimsubiri. Serikali ya Kenya sasa ina mradi wa Railway City wa kuijenga upya Stesheni Kuu na ardhi inayoizunguka. Hakuna ushahidi mzuri zaidi kwamba mahali pale palipochaguliwa mwaka 1899, reli ilipofika Nairobi, bado ndipo mishipa ya jiji inapokutana.

Dar es Salaam ilifanya lile ambalo Nairobi ililiepuka. SGR iliingizwa hadi ubavuni mwa stesheni ya zamani, hatua chache kutoka Mtaa wa Sokoine, kwa kuipandisha juu ya daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2 ili isikatize barabara za mjini. Ni kazi iliyokula fedha. Watu wengi wamelisifu jengo lenyewe, lililobuniwa kwa sura ya jiwe la tanzanaiti. Kwangu mimi sifa kubwa zaidi inastahili ile mihimili mikavu ya zege iliyoifikisha reli pale.

Nasema hivyo kwa sababu Dar es Salaam ilikwisha kuonja njia ya Syokimau kabla Syokimau haijawa stesheni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, haikufika katikati ya mji. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, wa Reli ya Kati ni 1,000, na stesheni yake ikawekwa kwenye njia panda ya barabara zinazoitwa leo Nyerere na Mandela. Jengo ni zuri, lina nafasi na heshima. Hata hivyo kwa miaka hamsini abiria kutoka Mbeya ameshuka pale akiwa bado hajafika, na mtu wa Kigoma aliyetaka kwenda Mbeya kwa reli ilimlazimu kubeba virago na kupanda daladala kati ya stesheni mbili za mji mmoja.

Yupo atakayesema, na ana hoja: katikati ya mji hakuna anayelala. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na walio wengi wako Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Mbezi, Bunju, Kigamboni. Kwa mtu wa Kimara, kwenda Stesheni ni kurudi nyuma kilomita 15 ili apande treni ya kumpeleka mbele. Stendi ya mabasi ya Magufuli, iliyofunguliwa Mbezi Luis mwezi Februari 2021 baada ya ile ya Ubungo kuonekana imeelemewa, iko karibu naye zaidi. (Stesheni ya reli nayo imepewa jina la Magufuli. Mgeni akimwambia bodaboda «nipeleke Magufuli» na afafanue mapema, la sivyo atajikuta zaidi ya kilomita 20 kutoka alikokusudia.)

Hoja hiyo ningeikubali kama jiji lingekuwa na njia za pembeni kwa pembeni. Halina za kutosha. Mtu wa Mbagala kwenda Mbezi Luis hupanda magari mawili au matatu. Kwenda mjini hupanda moja. Mtu wa Kigamboni anaweza kuvuka kwa kivuko cha Magogoni akatokea Kivukoni, mahali ambapo Stesheni inafikika kwa miguu. Abiria wa Zanzibar hushuka kwenye boti kwenye mtaa uleule wa Sokoine, na kama ana shughuli Dodoma anaweza kula chakula cha mchana huko siku hiyohiyo bila kuingia hata mara moja kwenye foleni ya Morogoro Road. Katikati ya mji ni mbali kwa karibu kila mtu, ni kweli, lakini ni mbali kwa usawa. Stendi ya Mbezi humfaa wa Mbezi na kumwadhibu wa Mbagala.

Ndiyo maana inauma kuona lile gumu na la gharama limetimizwa, huku lile jepesi likiachwa lijitengeneze lenyewe. Kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani kiko umbali wa kutembea kutoka Stesheni. Awamu ya kwanza ya mabasi hayo, iliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilikuwa ndiyo nafasi ya dhahabu ya kumleta mtu wa Ubungo hadi kwenye geti la treni. Awamu zilizofuata zimeielekea Mbagala kwa barabara ya Kilwa na Gongo la Mboto kwa barabara ya Nyerere, na zote zinakusanyikia eneo hilohilo la mjini. Kwenye ramani, Stesheni imebarikiwa. Chini ya jua la saa saba mchana, pamoja na begi la magurudumu, mtoto mgongoni na bodaboda wanaopita juu ya njia ya watembea kwa miguu, baraka hiyo hupungua sana.

Chanzo chake si siri wala si uzembe wa mtu mmoja. Shirika la Reli linasimamia mpaka kwenye uzio wake. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka anasimamia vituo vyake. LATRA hutoa leseni za daladala, TARURA na TANROADS wana barabara, Jiji lina wamachinga na maegesho. Kila mmoja akiulizwa atakuonyesha mpaka wa eneo lake na atakuwa mkweli. Zile mita mia kadhaa kati ya mlango wa stesheni na mlango wa basi hazina mwenyewe, na shamba lisilo na mwenyewe hulimwa na kila apitaye: dereva wa teksi anayemvuta abiria kwa mkono wa begi, bajaji zilizopangana mistari mitatu, muuza maji, mpagazi mwenye toroli. Sina ugomvi na hao. Wao ndio wanaofanya kazi ambayo taasisi zote hizo zimeshindwa kugawana. Ila bei yao hupangwa kwa kuangalia uso wa abiria, na mgeni kutoka Kongwa hulipa zaidi ya mwenyeji wa Ilala.

Ningepewa nafasi ya kuomba mambo machache, nisingeomba jengo. Ningeomba njia pana iliyoezekwa kutoka Stesheni hadi Gerezani, na nyingine kuelekea kwenye boti na kivuko, zenye taa na zisizo na ngazi. Ningeomba ratiba ya mwendokasi iijue ratiba ya treni, kwa maana kwamba treni ya mwisho ya usiku ikichelewa, pawepo basi linaloisubiri. Ningeomba tiketi ya treni ikubalike kwenye basi siku ya safari. Abiria tayari hununua tiketi kwa simu na kutoa kitambulisho; kwa upande wa mitambo hilo haliko mbali, linangoja mashirika mawili yakubaliane namna ya kugawana mapato. Hapo ndipo ugumu ulipo, na waziri mmoja mwenye nia anaweza kuumaliza kwa barua.

La mizigo nalijua kuwa gumu zaidi. Basi la mwendokasi saa kumi na mbili jioni halina pa kuweka hata mkoba, sembuse kiroba cha mchele wa Morogoro. Ushauri wa kwamba abiria wote wapande mabasi ya umma hutolewa na watu wasiosafiri na viroba. Bajaji na guta zitaendelea kuhitajika, na busara ni kuzipa eneo lao rasmi, lenye foleni inayoeleweka na bei zilizobandikwa ukutani.

Mwisho wa pili wa reli hali ni nyingine. Stesheni ya SGR ya Morogoro iko Kihonda na ya Dodoma iko Mkonze, pembezoni mwa miji hiyo, wakati stesheni ya zamani ya Dodoma iko mjini kabisa. Kwa hiyo reli moja imebeba falsafa mbili: Dar es Salaam ikafuata Wajerumani, Dodoma ikafuata Syokimau. Watetezi wa Mkonze husema mji utaifuata stesheni, na huenda wakawa sahihi. Syokimau yenyewe imeota maghorofa. Lakini mji unaoifuata stesheni bila barabara ya mabasi huifuata kwa magari binafsi. Makao makuu ya nchi yangali na ardhi ya kutengea njia hiyo leo, kwa bei ya leo. Mkonze ikishajengwa pande zote, Dodoma italipa fidia zilezile ambazo Nairobi ilizikwepa.

Kuhusu mtu wa Kimara na Mbezi, ambaye hoja yake sikuimaliza, jibu lake huenda lisiwe katikati ya mji kabisa. SGR ina kituo Pugu, na treni za kawaida husimama pale. Mwendokasi wa barabara ya Nyerere unakusudiwa kuishia Gongo la Mboto, kilomita chache kabla ya Pugu. Barabara ya Malamba Mawili na Kinyerezi inashuka kutoka Mbezi kuja upande huohuo. Daladala za moja kwa moja kutoka Mbezi Luis hadi Pugu, zikipangwa kwa saa za treni, zingeiunganisha stendi kuu ya mabasi ya nchi na reli mpya bila abiria kuiona Kariakoo. LATRA haihitaji mkopo wa benki yoyote ya nje ili kutoa leseni hizo, na hata treni za haraka zikiagizwa kusimama Pugu kwa dakika mbili, abiria wa Dodoma atafika akiwa na mchana wa kutosha kufanya alichokiendea.