Askari Akiisha Kuweka Bunduki

Wazee husema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Neno hilo hakuna alijuaye kuliko mtu aliyekuwa askari. Wale waliolala pamoja katika handaki na kugawana maji ya chupa moja huitana ndugu mpaka kufa, hata kama kabila zao ziko mbali na lugha yao si moja. Juma hili twataka kuzungumza juu ya watu hao, na zaidi juu ya jamaa zao. Kwa maana vita vya askari huisha siku bunduki zinaponyamaza, lakini kwa mkewe na watoto wake mara nyingi taabu ndiyo kwanza inaanza.

Mfano wetu hatuutafuti mbali. Kutoka Kambove mpaka Likasi ni safari fupi, nao mji wa Likasi uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Mapema Septemba 1961 kombania moja ya askari wa Ireland, watu 155 hivi, ililetwa huko chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mkubwa wao aliitwa Pat Quinlan. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo tangu tarehe 11 Julai 1960, ikiongozwa na Bwana Moïse Tshombe. Askari wale waliambiwa kwamba wanakwenda kuwalinda Wazungu wa mji. Walipofika waliona ya kuwa wengi wa Wazungu hao hawakutaka kulindwa nao.

Asubuhi ya tarehe 13 Septemba wengi wao walikuwa katika Misa iliyosomwa uwanjani. Saa hiyo ndipo waliposhambuliwa na majandarma wa Katanga pamoja na askari wa kukodiwa kutoka Ulaya. Mapigano yaliendelea siku tano. Ndege ya vita iliwatupia mabomu. Wenzao waliotumwa kutoka Elisabethville kuwaokoa walizuiwa penye daraja la mto Lufira. Helikopta moja ilifaulu kuwaletea maji, lakini vyombo vilikuwa vimetiwa petroli zamani, na maji yale hayakunyweka. Tarehe 17, risasi zikiwa zimekwisha na kiu imewalemea, Quinlan alisalimu amri ili aokoe roho za watu wake. Watano walikuwa wamejeruhiwa. Hakufa hata mmoja. Walikaa kifungoni zaidi ya mwezi, wakaachiliwa katika Oktoba.

Mama zao walimshukuru Mungu. Lakini jeshini hawakupokewa kwa shukrani. Jina la Jadotville likawa tusi: walionekana kuwa watu walioinua mikono. Quinlan aliandika majina ya askari wake waliostahili nishani ya ushujaa, wala hakuna aliyepewa. Wenye kuwacheka hawakuwa wamekunywa maji yale ya petroli. Nasi twajua ya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi watu wale wakanyamaza. Wake zao walikaa na waume ambao hawakusema lolote juu ya mwaka 1961, na watoto walikua wakijua tu kwamba kuna jambo nyumbani lisiloulizwa. Quinlan mwenyewe alifariki mwaka 1997, jina lake halijasafishwa bado.

Ni nani aliyelisafisha? Si wakubwa. Ni wenzake wa zamani na watoto wao. John Gorman, aliyekuwa askari kijana kabisa siku zile, alidai haki mwaka baada ya mwaka. Naye Leo Quinlan, mwana wa yule kamanda, hakukubali baba yake azikwe mara ya pili katika aibu. Mwaka 2004 jambo hilo lilichunguzwa upya, ikaonekana hawana hatia. Mwaka 2005 waliwekewa jiwe la ukumbusho katika kambi ya Athlone. Mwaka 2016 kombania nzima ilipewa sifa rasmi, na mwaka 2017 nishani. Hesabuni: miaka 55 na zaidi! Nishani nyingi zilipokewa na wajane na watoto, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekwisha kwenda zao.

Labda msomaji atauliza, habari za Ireland zatuhusu nini sisi watu wa Kambove? Zatuhusu sana. Wale waliokuwa upande wa pili wa handaki walikuwa wana wa Katanga. Walikuwa vijana wenye mama, wengine wamekwisha oa, wakiamriwa na maofisa wa kigeni. Nao wanao wajane na wajukuu, nao wanastahili kuombewa.

Tena njia yao ilikuwa ndefu kuliko ya Waireland. Katanga iliporudishwa katika Kongo mnamo Januari 1963, wengi walivuka mpaka wakaingia Angola. Mwaka 1964 waliitwa warudi kupigana na waasi. Baada ya maasi ya 1966 na 1967 wakakimbilia Angola tena. Mwaka 1977 na mwaka 1978 walirudi kwa silaha, na watu wa Kolwezi hawajasahau damu iliyomwagika. Mwaka 1997 wengine walirudi pamoja na jeshi la Laurent-Désiré Kabila. Katikati ya miaka hiyo yote watoto walizaliwa ugenini, wakajifunza Kireno kabla ya kujua kijiji cha babu yao. Na huku nyumbani mama mmoja aweza kuwa na mwana aliyekuwa jandarma na mwingine aliyekuwa katika jeshi la Mobutu. Kwenye meza moja, amkumbuke nani kwa sauti, na nani kwa kunong'ona?

Hata wazee wa Force Publique heshima yao ilikawia. Walitwaa Tabora mwaka 1916. Huko Saio katika Ethiopia, mwezi wa Julai 1941, jenerali Mwitalia Gazzera alisalimu amri mbele yao. Wengine walifika mpaka Burma kuwatunza majeruhi. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani huko Kinshasa Albert Kunyuku, mmoja wa wale waliokwenda Burma, akiwa na miaka 100. Wenzake wangapi walikufa wakingoja?

Basi, enyi jamaa za Kikristo, serikali na zifanye yao, lakini yapo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, tusimcheke mtu aliyerudi bila ushindi. Aliyeacha bunduki ili wenzake waishi amefanya jambo ambalo mama zao watalishukuru daima. Nawe mzee, usiifanye nyumba yako kuwa kambi, wala usiizamishe huzuni yako katika pombe. Mke wako hakukupiga risasi. Mweleze kidogo kidogo. Ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Pili, watoto, waulizeni wazee wangali hai. Andikeni daftarini: alikuwa kikosi gani, alifika wapi, rafiki zake ni nani, nani alizikwa wapi. Nyuma ya kila picha andikeni majina. Karatasi zake za jeshi ziwekwe katika sanduku la bati, mbali na mchwa na mvua. Watoto wa Ireland walishinda kwa sababu walikuwa na karatasi na mashahidi.

Tatu, ninyi mliokuwa askari, urafiki wenu usiishie matangani. Ni vizuri kuja kulia na kuimba usiku wa msiba. Lakini mjane huanza kuwa peke yake siku watu wanapotawanyika, na ndipo ndugu wa mume wengine huja kuhesabu viti, masufuria na mashine ya kushona. Siku hiyo nendeni mkasimame mlangoni pake. Ulizeni kama watoto wanasoma, kama dari inavuja, kama barua ya madai yake imeandikwa sawasawa. Huo ndio udugu wa handakini, nao hauhitaji sare.

Mwisho, twawaombee wote. Aliyefuata bendera ya Katanga, aliyefuata ya Kongo, na aliyefuata ile ya buluu ya Umoja wa Mataifa, wote wana Hakimu mmoja, naye ajua mioyo kuliko sisi. Ifikapo Novemba, mwezi wa marehemu, pelekeni majina kwa padri wenu, ya upande huu na ya upande ule, yasomwe katika Misa moja.