Nguo za mtandaoni Afungi: Faida imo kwenye daftari la saizi

KUFUFULIWA kwa mradi wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kumeamsha upya soko la nguo na viatu ng'ambo ya Mto Ruvuma. Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa Mtwara, swali ni nani atalihudumia bila kula mtaji wake.

Kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha mradi huo wa dola za Marekani bilioni 20 mwezi Aprili 2021, baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 24 mwaka huo. Novemba 2025 ilitangaza kuondoa zuio hilo, na Januari 2026 kazi zikazinduliwa upya. Gesi ya kwanza inatarajiwa mwaka 2029. Hiyo ni miaka kadhaa ya mishahara.

Siku hizi nguo huuzwa kwa simu. Picha inatumwa, mteja anachagua, analipa kwa M-Pesa au anapopokea, na mzigo unapakiwa. Tatizo huanza suruali inapofika ikambana mteja, akaikataa.

Tatizo hili si la wadogo peke yao. Zalando, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2008, imewahi kueleza kwamba takriban nusu ya bidhaa inazotuma hurudishwa. Ndiyo maana kampuni za aina hiyo huajiri meneja mwandamizi wa zana za takwimu. Mtu huyu hashoni wala hauzi nguo. Hukusanya habari za oda, saizi, sababu za kurudisha na gharama za usafiri, kisha huzigeuza kuwa maamuzi: mteja ashauriwe kuchukua saizi ya juu, kiatu kinachorudi mno kisiagizwe tena, na ghala lijue mali ipi ikae wapi.

Chukulia mfano wa suruali 100 zinazovushwa kwa shilingi 3,000 kila moja. Zikirudi 30 kwa nauli hiyo hiyo, usafiri unagharimu shilingi 390,000, lakini zilizouzwa ni 70. Kila suruali iliyouzwa imebeba shilingi 5,571, karibu mara mbili ya hesabu ya awali. Zikirudi 10 tu, mzigo huo unashuka hadi shilingi 3,667.

Mtaji mkubwa pekee hauokoi. Jumia iliorodheshwa katika Soko la Hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Tanzania. Mwishoni mwa 2024 iliifunga pia Zando, duka la mtandaoni la nguo na viatu lililoanza Afrika Kusini mwaka 2012, ikitaja ushindani na matarajio madogo ya faida.

Kwa Afungi, zana inaweza kuwa daftari lenye safu tano: saizi iliyoombwa, saizi iliyobaki kwa mteja, sababu ya kukataa, mahali pa kupokelea na tarehe ya malipo. Baada ya miezi mitatu litaonyesha kama mteja wa Palma mjini hununua sawa na wa kijiji cha Quitunda, na kama oda hupanda baada ya mishahara. Eneo la mradi lenyewe lina uzio na ulinzi, hivyo mahali pa kupokelea ni habari yenye thamani kuliko picha nzuri.

Mpaka nao una masharti yake. Tanzania na Msumbiji zote zimo SADC, lakini nguo ya China iliyonunuliwa Kariakoo haipati nafuu ya ushuru kwa sababu tu imepitia Tanzania. Cheti cha uasilia hutolewa kwa nguo inayotimiza masharti ya kutengenezwa ndani ya jumuiya. Aidha, mzigo unaorudi bila hati za kutokea unaweza kuhesabiwa kuwa shehena mpya.

Usalama bado ni hoja, kwani mashambulizi yaliendelea Cabo Delgado mwaka 2025. Kwa hiyo kabla gari halijaelekea Kilambo, mwenye mali na msafirishaji waandikiane nani atalipia nguo iliyokataliwa. Asiyejua idadi ya zinazorudi hawezi kupanga bei hiyo, na nauli ya kurudi itatoka mfukoni mwake.