Chekechea ya Montessori: Mzazi wa Rusizi ananunua jina au malezi?

MZAZI wa Kamembe anayemtafutia shule mtoto wa miaka mitatu hakosi majina ya kuchagua. Kuna gardienne, kuna ishuri ry'incuke, kuna kituo cha malezi cha mtaani, na kuna hili jina la Montessori. Waliorudi nyumbani kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wanalifahamu, kwani huko limeandikwa kwenye vibao vya shule nyingi. Waliotoka Bukavu, Uvira au Bujumbura wamezoea zaidi maternelle ya masista. Wote swali lao ni moja: je, jina hilo linastahili ada inayodaiwa?

Kwanza ifahamike kuwa jina lenyewe halina mwenyewe. Maria Montessori alikuwa daktari wa Kiitaliano, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufariki mwaka 1952. Chama alichokianzisha mwaka 1929, AMI, kipo hadi leo na kinatoa diploma kwa walimu, lakini hakina uwezo wa kumzuia mtu kuandika Montessori juu ya mlango wake. Huko Marekani suala hilo lilifikishwa mbele ya mamlaka ya alama za biashara mwaka 1967, ikaamuliwa kuwa neno hilo ni la wote. Kwa maana hiyo, yeyote mwenye chumba, viti vidogo na rangi ya ukutani anaweza kulitumia, na hakuna sheria anayovunja kwa kulitumia.

Wengi hapa wanadhani ni elimu ya watoto wa matajiri. Historia inasema vingine. Shule ya kwanza ilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, ndani ya nyumba za kupanga za watu maskini. Wazazi walikuwa wakiondoka asubuhi kwenda vibaruani, watoto wadogo wakabaki wakizurura kwenye ngazi na kuharibu kuta. Wenye majengo wakatafuta mtu wa kuwakusanya. Mama anayevuka daraja la Rusizi alfajiri na beseni la nyanya kichwani, huku mtoto akiachwa kwa jirani, atawaelewa wazazi wale wa Roma bila kuhitaji mkalimani.

Kinachofanyika ndani ya darasa la kweli la aina hiyo si kigumu kukitambua. Watoto wa miaka mitatu hadi sita hukaa pamoja, hawatengwi kwa umri. Kwa muda mrefu wa asubuhi, kama saa tatu hivi, kila mmoja huchagua kazi yake: huyu anamimina maharage kutoka jagi moja hadi jingine, yule anafunga na kufungua vifungo, mwingine anapanga vipande kumi vya mbao kuanzia kikubwa hadi kidogo. Kipande kikikosewa, mnara unamwonyesha mwenyewe kosa lake, mwalimu hana haja ya kupiga kelele. Herufi hukatwa kwenye karatasi ya msasa, mtoto akazipitisha kidole huku akitamka sauti yake. Mwalimu anaongea kidogo na kutazama sana. (Bibi zetu walimfundisha mtoto kupepeta mchele na kufagia uwanja bila kuita jambo hilo mbinu.)

Je, inasaidia? Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Milwaukee, Marekani, katika shule ya umma iliyochukua watoto kwa bahati nasibu. Watoto wa miaka mitano waliopata nafasi waliwazidi wale waliokosa, katika kusoma na katika hesabu. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2012, wa mmoja wa watafiti wale wale, ndio unaotuhusu zaidi. Ulionyesha kuwa watoto walisonga mbele zaidi pale mbinu ilipofuatwa kikamilifu kuliko pale ilipochanganywa na karatasi za mazoezi na vifaa vya kawaida. Hata waliobandika jina hilo kwa nia njema hawakupata matokeo yale yale.

Kwetu hapa jambo zito kuliko yote ni lugha. Mtoto wa familia iliyorejea kutoka Kongo, labda aliyepitia kituo cha mpito cha Nyagatare hapa hapa Rusizi, anaongea Kiswahili na maneno machache ya Kifaransa. Uwanjani anakutana na Kinyarwanda. Akifika darasa la kwanza anakuta Kiingereza. Na sera haikutulia: mwaka 2008 serikali ilitoka kwenye Kifaransa ikaenda Kiingereza, mwaka 2011 ikarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo, na Desemba 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini mtoto hafundishwi hesabu kwa lugha hiyo.

Ndiyo maana wazazi wengi, wakifika ofisini kwa mwalimu mkuu, huuliza kwanza: mtaanza lini Kiingereza? Shule nazo zinajua mteja anataka nini, hivyo mtoto wa miaka mitatu anarudi nyumbani akiimba A, B, C na siku za wiki. Mzazi anafurahi. Lakini ikumbukwe kuwa herufi za msasa zilibuniwa kwa Kiitaliano, lugha ambayo kwa sehemu kubwa huandikwa kama inavyotamkwa. Kiswahili ni hivyo hivyo, na Kinyarwanda nacho kwa kiasi kikubwa. Mtoto aliyezijua sauti za s, a, m, k na i anaweza kuipanga samaki mwenyewe, bila kuonyeshwa. Akiongezewa u anaipanga na isuka. Mpe Kiingereza na umwambie aandike neno la namba moja jinsi analolisikia, hatalipata, kwa sababu herufi zake hazifuati sauti. Mzazi anayelipia Montessori na wakati huo huo kudai kila kitu kiwe Kiingereza tangu siku ya kwanza, analipia kitu kisha anakitia mfukoni kwa mwenye shule.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, shule inayofaa Rusizi ni ile inayomjengea mtoto kusoma kwa Kinyarwanda, ikamruhusu kuuliza kwa Kiswahili anapokwama, na kumzoesha Kiingereza kwa masikio na kinywa: nyimbo, salamu, majina ya vitu. Mtaala wa awali ulioanza kutumika mwaka 2016 nao ulikiweka Kinyarwanda kuwa lugha ya kufundishia umri huo.

Suala la pili ni fedha. Kwa shule za umma za awali na msingi, Wizara ilitangaza Septemba 2022 kuwa mchango wa mzazi kwa chakula ni faranga 975 kwa muhula. Shule binafsi hupanga zake, na mwaka una mihula mitatu. Mfanyabiashara wa mpakani anajua mtaji wake unavyotikisika: Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya Corona, na Februari 2025 Bukavu ilipotwaliwa na M23 biashara ya ng'ambo ilivurugika tena. Ada, ile wengi tunayoiita minerval, haisubiri daraja lifunguliwe. Na mbinu hii imepangwa kwa miaka mitatu katika darasa moja. Mwaka wa tatu ndipo mtoto anapowafundisha wadogo na yale aliyoyagusa tangu mwanzo yanapoiva. Mwenye uwezo wa kulipia mwaka mmoja tu, kisha amwondoe, ni heri aipeleke fedha hiyo kwenye chekechea ya parokia au ya umma yenye mwalimu mtulivu na amwache mtoto hapo hadi amalize.

Kwamba mbinu hii inawezekana bila utajiri si nadharia. Huko Nakuru, Kenya, kwa ajili ya familia zilizohamishwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilianzishwa shule ya Montessori iitwayo Corner of Hope, na watu wa jamii hiyo hiyo wakafundishwa ualimu. Tanzania nako masista wa Kikatoliki wameendesha mafunzo ya walimu wa mbinu hii, Msimbazi jijini Dar es Salaam pakiwa mahali pamoja. Kwetu, ingo mbonezamikurire za majumbani zinaweza kuanza na maharage, majagi na ufagio mdogo hata kesho.

Anayetaka kuhakiki shule aende asubuhi siku ya kazi, si siku ya sherehe, aombe kukaa pembeni saa nzima. Vifaa vikiwa kabatini vimefungwa, vinatunzwa kwa ajili ya wageni. Watoto wote wakirudia kwa pamoja anachosema mwalimu, hilo ni darasa la kawaida, hata kama ni zuri. Aulize mwalimu alisomea wapi mbinu hii na kwa muda gani, na aangalie kama ndiye yule yule aliyekuwapo mwaka jana.

Halafu aulize lile ambalo wafanyabiashara husahau mpaka siku ya kwanza ya muhula: watoto wa chekechea kwa kawaida hutoka mchana, na mama bado yuko Bukavu. Nani anakaa na mtoto hadi avuke kurudi, anampa chakula gani, na mpaka ukichelewa kufunguliwa anampeleka wapi? Kama mwenye shule anajibu kuwa mambo hayo yatazungumzwa baadaye, basi mzazi aendelee kutafuta kabla ya Septemba.