Kabla ya Kumtoa Mtoto Mfuko wa Nyongo, Tuulize Alichomwa Sindano Gani

Mtoto amepasuliwa kidole tumbo kilichokuwa kimeshatoboka. Wiki moja baadaye homa imeshuka na mshono unakauka, lakini anatapika na kushika tumbo chini ya mbavu za kulia. Ultrasaundi inaonyesha vitu vinavyong'aa ndani ya mfuko wa nyongo, na nyuma yake kivuli cheusi, sawasawa na mawe. Mzazi anaanza kusikia habari za upasuaji wa pili.

Hapo ndipo faili la dawa linapopaswa kufunguliwa upya. Tangu miaka ya 1980 madaktari wanajua kwamba seftriaksoni, antibaiotiki inayochomwa sana katika hospitali zetu, inaweza kuleta mawe yasiyo mawe. Sehemu ya dawa hii hutolewa mwilini kupitia nyongo, na humo hukolea kuliko ilivyo kwenye damu. Ikishikana na kalsiamu, hugeuka chenga.

Mtoto wa upasuaji yumo hatarini zaidi. Mfuko wa nyongo hujikamua mtu anapokula. Asiyekula nyongo yake hutuama. Ongeza upungufu wa maji, kulala kitandani muda mrefu, dozi kubwa na sindano za siku nyingi, na chenga zinapata nafasi ya kujikusanya.

Watoto wengi wenye chenga hizo hawahisi chochote. Dawa ikisimamishwa, kwa kawaida huyeyuka zenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Wachache hupata maumivu, na kwa nadra njia ya nyongo huziba au kongosho huvimba. Kwa hiyo mtoto afuatiliwe na kupimwa tena, asiharakishwe kwenye kisu.

Lakini si kila jiwe ni la dawa. Watoto wenye selimundu, ambao ni wengi Afrika Mashariki, hupata mawe ya kweli mapema kwa sababu chembe zao nyekundu za damu huvunjika haraka. Kuwapuuza hao nako ni kosa.

Je, seftriaksoni iachwe? Hasha. Inaokoa watoto wenye homa ya uti wa mgongo na maambukizi makali, na kwa kuwa mara nyingi huchomwa mara moja kwa siku, inampunguzia kazi muuguzi mwenye wodi iliyofurika. Utumbo uliotoboka unahitaji antibaiotiki za siku kadhaa. Kisichotetewa ni mazoea ya kuendeleza sindano "kwa usalama" baada ya upasuaji usio na maambukizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka antibaiotiki ya kinga itolewe kabla ya kupasua, isiendelezwe operesheni ikiisha. Shirika hilo pia limeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, kwa hofu ya usugu wa vimelea.

Hospitali ziandike kwenye karatasi ya ruhusa jina la dawa, dozi na idadi ya siku. Nawe mzazi, usikatishe dawa kwa uamuzi wako. Muulize daktari mtoto anachomwa nini, kwa nini, na mpaka lini. Ukiambiwa ana mawe, mwonyeshe karatasi hiyo kabla hujasaini kibali cha upasuaji.