Jumamosi ya Kipupwe

Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa huku kwetu Dodoma haujui kuchoka. Unaamka alfajiri, unazoa vumbi la barabarani na kulimwaga juu ya sufuria, juu ya nguo zilizoanikwa na machoni mwa watoto. Sisi wenyeji tumezoea. Lakini wapo akina mama wengi waliokuja huku na familia zao tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kutoka Dar es Salaam, na kila kipupwe huniuliza: kwa baridi hii na vumbi hili, Jumamosi mtu awapeleke wapi watoto? Leo nataka kujibu swali hilo, pamoja na lingine ambalo hakuna anayeliuliza: Jumamosi hiyo mama mwenyewe atapumzika saa ngapi?

Tuanze na mavazi. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na kufika saa nane mchana limepanda hadi 26 hivi. Kwa hiyo koti moja zito halifai; asubuhi utalishukuru, mchana utalibeba mkononi. Vaa nguo unazoweza kupunguza moja moja: gauni la kitenge la mikono mirefu, sweta ya vifungo mbele, na kilemba kinachofunika masikio. Sweta nzuri zinapatikana kwenye mitumba mnadani Msalato, ila kagua vifungo na makwapa kabla ya kulipa. Nguo nyeupe ziacheni kwa ajili ya Jumapili. Kahawia, damu ya mzee na kijani cha majani makavu ndizo zinazostahimili vumbi, na kwa kweli zinapendeza kuliko tunavyodhani. Miguuni raba na soksi. Viatu vya kuchuchumia vibaki kabatini.

Anayeonewa zaidi msimu huu ni mtoto mchanga. Unamkuta amefungwa fulana, sweta, blanketi na khanga mbili juu, saa sita mchana, jasho linamtiririka, na mama anasema ni baridi. Usipime kwa kushika vidole vyake, kwa maana vidole vya mtoto hupoa haraka. Mguse shingoni kwa nyuma. Kama pana unyevu, mpunguzie nguo moja.

Na hiyo khanga yenyewe ina jambo. Tunamfuta mmoja tongotongo kwa pindo, kisha mdogo wake kwa pindo hilo hilo, kisha na wa jirani. Hivyo ndivyo vikope, yaani trakoma, vinavyotoka jicho hadi jicho, vikisaidiwa na mikono na nzi. Hapo Kongwa ugonjwa huu ulifanyiwa utafiti kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1980, na moja ya mambo yaliyojaribiwa ni jambo dogo sana: kumwosha mtoto uso. Basi katika kapu la safari weka dumu la maji na kitambaa cha kila mtoto, hata kama ni kipande cha khanga kuukuu kilichokatwa.

Sasa twende wapi? Kwa wenye watoto wa shule, kuna mlima wa Simba hapa hapa mjini. Anzeni mapema, kabla jua halijawa kali, na msiwaache watoto wakimbilie kwenye majabali peke yao. Ukifika juu unauona mji wote umelala chini, na watoto hupenda kubishana ni bati lipi la kwao. Wenye usafiri wanaweza kwenda bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Huko kuna ndege wengi na wavuvi wenye mitumbwi. Lakini watoto wasiingie majini, hata magotini tu. Maji yaliyotulia yenye majani pembeni hupendwa na konokono wa kichocho, na kichocho hakimsubiri mtu aogelee. Zipo pia zabibu, zao lililoletwa na wamisionari wa Bihawana miaka ya 1950. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huja kipupwe kinapoelekea mwisho. Ukimwomba mwenye shamba kwa adabu, mara nyingi atakuruhusu kutembeza watoto na kununua papo hapo.

Nirudi kwa mama. Dada mmoja wa kikundi chetu cha wanawake amekwenda bwawani na kanisa mara tatu. Siku moja mjukuu wake alimwuliza kama maji ya huko yana mawimbi, akashindwa kujibu. Mara zote tatu alikuwa amegeukia mafiga, anasonga ugali wa watu arobaini. Alitusimulia huku anacheka, nasi tukacheka, kisha kikundi kizima kikanyamaza. Kliniki nawapima wanawake wa aina yake kila juma. Shinikizo la damu liko juu, naye hana habari, kwa sababu mara nyingi halina dalili. Ukimwuliza lini alikaa chini bila kazi mkononi, anafikiri kwanza. Sisemi kwamba mapumziko yatachukua nafasi ya vidonge. Aliyeandikiwa na ameze kila siku. Nasema matembezi ambayo mama anahamisha jiko kutoka uani na kulipeleka chini ya mbuyu si matembezi kwake.

Kwa hiyo chakula kipikwe Ijumaa jioni, na kiwe cha kuliwa kikiwa kimepoa: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga, chapati, maji ya ubuyu, na chupa mbili za chai ya moto. Kupakua na kuosha vyombo iwe kazi ya baba na vijana. Akina baba mnaolisoma gazeti hili kwa kuibia, nanyi mmesikia.

Watu wakishakula, mama aondoke. Aende hatua mia moja, akae juu ya jiwe akiwa na Biblia yake au bila kitu. Katika Marko sura ya 6 Bwana aliwaambia wanafunzi wake waende mahali pa faragha wapumzike, maana watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawakuipata. Ukiendelea kusoma utaona kwamba watu waliwatangulia huko kwa miguu, na kazi ikaanza tena. Kwa hiyo pumziko walilopata ni lile la ndani ya chombo, wakiwa njiani. Nimelifikiria sana jambo hili, hasa Jumamosi ninapokuwa na nusu saa tu, na kabla haijaisha nasikia mtoto anaita.

Kuanzia saa kumi na moja upepo hupoa ghafla. Rudisheni sweta mwilini, funikeni masikio ya wadogo, na mjitahidi kufika nyumbani kabla ya giza. Maji ya kuosha nyuso na miguu baba anaweza kuyabandika mwenyewe.