Usingizi wa shofere unaanzia kwenye depo yetu

Ndugu wanachama, kwa kawaida ninawaandikia juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya tomati. Leo naomba tuongee juu ya mtu ambaye hatumtaji hata siku moja kwenye mikutano yetu: shofere wa Fuso anayebeba mazao yetu kutoka uwanda wa Ruzizi mpaka Bukavu. Mtu huyu analala lini?

Naanza na yale niliyoyaona mimi mwenyewe. Mwaka jana nilipanda kabini ya kamyo iliyobeba tomati na mchele wa koperative moja. Kupakia kulianza saa nane ya mchana, na jua la huku mnalijua. Wamama wengine walileta tomati zao magharibi, wengine saa mbili ya usiku, na wote tuliwapokea. Shofere alikuwa pale tangu asubuhi: yeye ndiye anahesabu magunia, yeye anafunga turubai, yeye anabishana na watu juu ya uzito. Usiku uliotangulia alikuwa pia barabarani. Tuliondoka saa sita ya usiku, ju tufike soko la Kadutu mapema.

Kwenye mpando wa Ngomo, karibu saa kumi ya usiku, nilimuita, hakuitika. Macho yake yalikuwa wazi. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji, upande wa mlima, gari likasimama. Kama lingekwenda upande wa bonde, leo nisingeandika. Juu ya magunia walikuwa wamekaa wamama watatu, wanachama wetu.

Kesho yake kila mtu alisema: shofere ni mzembe. Mimi nakataa. Ule usingizi tulimpakilia sisi, pamoja na magunia.

Mwili wa mtu uko na saa yake. Mara mbili kwa siku unadai usingizi kwa nguvu: kati ya saa nane ya usiku na saa kumi na mbili asubuhi, halafu tena mchana, kuanzia saa nane mpaka saa kumi hivi. Joto, tumbo lililoshiba na barabara iliyonyooka vinaongeza uzito. Mtu aliyechoka sana anaweza kusinzia sekunde tatu au nne bila yeye mwenyewe kujua. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, linakata karibu meta 11 kila sekunde. Sekunde nne ni meta 44, na hakuna mtu kwenye usukani.

Wachunguzi walipima pia watu waliokosa kulala. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake vinachelewa sawa na za mtu mwenye gramu 0,5 za pombe katika litre ya damu. Akifika saa 24, ni kama gramu 1. Shofere akija depo ananuka kasiksi, tutamfukuza. Akija na macho mekundu ya siku mbili bila kulala, tunamwambia: chapa mwendo, soko halitungoji.

Najua mtanijibu nini. Jibu la kwanza: shofere ni mtu mzima, asimame alale njiani. Fasi gani? Sisi wote tunaijua hii barabara, na bariere zake, na usalama wake. Kusimamisha gari lililojaa mali usiku, peke yako, ni kuita wezi. Ndiyo maana nasema usingizi wake lazima aupate kwetu, mbele ya kuondoka.

Jibu la pili: tomati zitaoza. Hapo mnaingia kwenye kazi yangu. Tomati inayooza kwa usiku mmoja ni ile iliyochumwa nyekundu kabisa, mchana wa jua, ikajazwa kwenye gunia. Ukiichuma inapoanza tu kubadilika rangi, asubuhi na mapema, ukaiweka kivulini kwenye sanduku za mbao zinazopitisha hewa, itaendelea kuiva yenyewe na itakaa siku kadhaa. Mchele na mahindi makavu hata hatuna haja ya kuyaongelea. Kwa hiyo haraka hii haitoki kwa tomati. Inatoka kwa mpangilio wetu.

Mimi ningependa kila koperative iweke mambo haya kwenye sheria zake za ndani:

Moja, mazao yafike depo mbele ya saa tisa ya mchana, na anayechelewa angoje safari nyingine, hata kama ni prezida wa komite.

Mbili, kuhesabu na kupakia ni kazi ya mtunza depo na vijana wa kazi. Shofere apewe chakula, mkeka na chandarua, alale.

Tatu, mbele ya kusaini boni ya kutoka, mtunza depo amuulize: umelala saa ngapi tangu jana? Kama hazifiki sita, boni haisainiwi.

Nne, gari liondoke kunapokucha, na wanunuzi waambiwe kwa simu kwamba mali itafika baadaye.

Njiani mchana, shofere akianza kupiga miayo au kupita shimo bila kuliona, asimame penye watu, anywe kahawa, alale dakika 15 au 20. Kahawa inahitaji karibu nusu saa kufanya kazi, ndiyo maana inatangulia. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakuondoi usingizi. Dawa nyingi za mafua nazo zinaleta usingizi, aulize mbele ya kumeza. Na yule anayelala usiku mzima lakini mchana bado anasinzia, tena anakoroma mpaka pumzi inakatika, aende hospitali. Huo unaweza kuwa ugonjwa, na uko na matibabu.

Mwenye gari atanung'unika, ju yeye anahesabu safari. Lakini sisi ndio wenye mzigo, na mwenye mzigo anaweza kuweka masharti. Gharama ni sahani moja ya ugali na usiku mmoja. Wazee walisema kawia ufike. Kwenye mkutano mkuu unaokuja, kabla ya kuongelea bei, naomba mtu mmoja asimame aulize: shofere wetu analala fasi gani?